Nimeishi Canada kabla na baada ya bangi kuhalalishwa. Kuacha kufunga watu ni jambo moja, kufungua maduka ni jambo lingine (uzi mrefu)

Wakuu habari za saa hizi.

Kila ikianzishwa mada ya bangi naona inaishia palepale, upande mmoja wanasema ihalalishwe tupate mapato kama Canada, upande wa pili wanasema vijana wataharibika wote kama Canada, na wote wanaitaja Canada utadhani wamekaa huko. Mimi ndo nakaa huku. Toronto, upande wa Scarborough, niliingia 2011, kwahiyo nimeishi miaka saba bangi ikiwa kosa la jinai na miaka mingine yote nimeiona inauzwa dukani na risiti unapewa. Nimezaliwa Arusha nimekulia Kijenge, kwahiyo bangi siyo kitu nilichokuja kukiona ukubwani, si mnajua mikoani huko wanaiita cha Arusha. Sivuti na sijawahi kuipenda, ila nimekaa na wavutaji maisha yangu yote na wengine ni ndugu zangu wa damu.

Nitaandika kwa vipande maana naandika nikitoka shifti. Maswali wekeni, nitajibu chini.

1. Kabla ya 2018

Watu wengi wanafikiri huku hata kabla ya sheria ilikuwa ruksa. Haikuwa hivo. Mwaka 2017 peke yake polisi wa nchi nzima waliandika makosa ya bangi karibu 48,000 na kama asilimia 80 ya hayo ni mtu kukutwa nayo tu, siyo kuuza, siyo kulima, kukutwa nayo mfukoni. Sasa ukiwa mweusi hapo ndo unaanza kuelewa. Gazeti la Toronto Star lilichambua takwimu za polisi wa Toronto za 2003 mpaka 2013 wakakuta mweusi asiye na rekodi yoyote anakamatwa kwa bangi kidogo mara tatu zaidi ya mzungu asiye na rekodi. Na wavutaji wapo pande zote, wazungu wa katikati ya mji wanavuta vizuri tu kwenye varanda zao jioni, hakuna defenda inayosimama pale.

Mimi nilikuwa naendesha gari na dogo mmoja wa Kisomali tunatoka kazini kiwandani, tumesimamishwa, tumeshushwa, dogo akakutwa na kipande cha msokoto kwenye pakiti ya sigara, kipande, yaani kilichobaki baada ya kuvuta. Aliandikwa. Kesi ilikuja kufutwa lakini jina lilishaingia kwenye mfumo, na alikuwa ameomba kazi ya uwanja wa ndege kupakia mizigo, kazi ambayo lazima upekuliwe historia yako kabla ya kupewa kitambulisho. Ile kazi hakuipata. Ana miaka 21 hapo.

Kwahiyo mtu akiniambia sheria ya kuhalalisha haikuleta faida yoyote namkatalia. Sa hivi yule dogo akikutwa na kile kipande mfukoni siyo jinai tena, labda awe anaendesha amelewa. Mtu mzima unaruhusiwa kutembea na gramu 30. Maelfu ya vijana waliokuwa wanaingizwa kwenye mfumo kila mwaka hawaingizwi tena, na hilo mimi nalihesabu ni jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuona serikali ya huku ikifanya kwa watu wa rangi yetu, hata kama hawakulifanya kwa ajili yetu.

2. Siku yenyewe na maduka

Ilikuwa 17 Oktoba 2018. Watu walitegemea fujo, hakukuwa na fujo. Ontario, ndo jimbo letu lenye Toronto, siku hiyo hata duka hakukuwa nalo, unaagiza kwenye mtandao wa serikali inaletwa na posta. Maduka ya kwanza yalifunguliwa 1 Aprili 2019, machache sana, leseni ziligawiwa kwa bahati nasibu. Hapo bado mtu huoni tofauti mtaani.

Tofauti ilikuja walipoondoa ule ukomo wa idadi ya maduka. Kufikia 2021 Ontario ilikuwa imeshapita maduka 1,000. Wakuu, elfu. Mtaa ninaopita kwenda kituo cha basi palikuwa na fundi cherehani Mhindi, palikuwa na mgahawa wa Wasri Lanka, palikuwa na duka la simu, corona ikawafunga wote, walipoondoka wakaingia wauza bangi watatu kwenye vitalu viwili. Vioo vimezibwa huoni ndani, ndo sheria ilivyotaka, taa za kijani, mlango mzito. Mtoto wangu wa kike alikuwa na miaka sita akaniuliza baba mle ndani kuna nini mbona hawataki tuone. Nikamwambia dawa za watu wazima. Sikuwa na jibu jingine pale barabarani.

Na miji mingine ilikataa. Mississauga wapo hapo jirani, wao walikataa maduka kuanzia mwanzo wakaja kukubali 2023 tu. Markham na Vaughan walikataa. Sasa mjiulize hayo maduka mengi yakajaa wapi. Yalijaa kwenye mitaa ambayo wakazi wake hawana muda wa kwenda kwenye vikao vya halmashauri kupinga.

Halafu kuna harufu. Hili watu wa nyumbani hawalielewi mpaka ukae kwenye apatimenti ya ghorofa 14 wakati wa baridi, madirisha yamefungwa toka Novemba mpaka Aprili, jirani anavuta kwake ni haki yake, moshi unapita chini ya mlango unaingia kwenye korido, unapanda na lifti, unaingia kwako. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea akaweka taulo chini ya mlango miezi mitatu yote aliyokaa. Alikuwa anasali alfajiri na taulo liko mlangoni.

3. Usiku wa hospitali

Hii ndo sababu hasa ya kuandika huu uzi, nilikuwa sijawahi kuisimulia.

Ghorofa ya chini yangu anakaa mama Mkongo, wa Bukavu, mwenye watoto wanne, Kiingereza chake bado kidogo ila Kiswahili tunaelewana vizuri, na mimi ndo huwa namsaidia akipata barua. Machi 2022 saa saba usiku anagonga mlango. Amembeba wa mwisho, wa miaka minne. Mtoto macho nusu, shingo imelegea kama mtoto mchanga, ukimwita anageuza jicho taratibu halafu linarudi. Mama anasema, "Baba, mutoto wangu anakufa." Tulienda na gari langu hata viatu sikufunga kamba.

Hospitali siitaji. Walitupokea haraka, hilo niwape haki yao. Mkalimani wa simu alikuwa hapatikani kwa Kiswahili cha saa hiyo kwahiyo daktari akaniomba mimi. Akauliza ameanguka? Hapana. Ana homa? Hapana. Kuna dawa za presha nyumbani, za usingizi? Hapana. Wakazungumzia kumchoma sindano ya uti wa mgongo kuangalia kama ni maambukizi ya ubongo. Halafu daktari, mama wa makamo tu, akaniangalia akauliza nyumbani kwao kuna bangi?

Wakuu nilishindwa kutafsiri. Huyu mama ni mtu wa kanisa, mtu wa mkesha kila Ijumaa, na mimi mwanaume wa nje namuuliza mbele ya mtoto wake anayezimia habari ya bangi. Nikazunguka, nikasema mama daktari anauliza kama kuna mtu anavuta vitu. Daktari akaona nazunguka akasema liseme hilo neno. Nikalisema. Mama akasimama kabisa. "Bangi? Miye? Ile nyumba yangu ni ya maombi!" Alinikasirikia mimi, siyo daktari.

Wakapima mkojo. Ilikuwemo.

Ilikuwa hivi. Alikuwa amempangisha chumba kimoja kijana wa kanisani kwao ili kodi iende. Kijana alinunua chokoleti dukani, duka halali lenye leseni, akaitoa kwenye boksi lake akaiacha ndani ya friji imefungwa na ile karatasi ya fedha tu. Ilikuwa na vipande vinne. Vitatu vimeliwa. Boksi lilikuwa na ile alama nyekundu ya jani ambayo sheria inalazimisha, lina kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, kila kitu kimefuatwa, ila boksi liko kwenye ndoo ya taka chumbani kwa kijana na chokoleti iko kwenye friji karibu na maziwa. Na hata kama boksi lingekuwepo, yule mama angejuaje lile jani jekundu ni nini?

Mtoto alilala na mashine mpaka kesho yake jioni, alipoamka aliomba chai. Alipona kabisa, leo anacheza mpira. Ila walikuja watu wa ustawi wa watoto kwa yule mama mara mbili, wanafungua friji, wanafungua makabati, wanauliza watoto maswali mmoja mmoja, na mama ambaye amekimbia vita na watoto wanne mgongoni akawa anatetemeka kwamba watachukuliwa. Nilikaa naye zile siku zote mbili kutafsiri. Kwenye ziara ya pili alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kabisa na amepika, anawakaribisha chakula, wao wamekataa maana hawaruhusiwi kula.

Nilidhani ni bahati mbaya ya mtu mmoja, nilipokuja kusoma nikakuta siyo. Hapa Ontario watafiti walihesabu watoto chini ya miaka 10 waliofikishwa emajensi kwa sumu ya bangi, baada ya vyakula vya bangi kuruhusiwa, yaani pipi, chokoleti, biskuti, idadi kwa mwezi ilipanda mara 9 ukilinganisha na kabla ya sheria. Vyakula havikuanza 2018, viliruhusiwa mwaka mmoja baadaye Oktoba 2019 na vikaanza kufika sokoni Desemba. Jimbo la Quebec ni nchi hiihii, sheria kuu ni hiihii, lakini wao walikataa pipi na chokoleti kwenye maduka yao, na umri wakapandisha mpaka miaka 21. Watoto waliolazwa kule waliongezeka pia, sikatai, lakini kidogo sana ukilinganisha na huku kwetu na Alberta na British Columbia.

Someni hapo vizuri. Mtu mzima wa Quebec hafungwi kwa bangi na mtu mzima wa Ontario hafungwi kwa bangi. Uhuru ni uleule. Tofauti ni kwamba huku mtu aliruhusiwa kutengeneza pipi.

4. Pesa zimeenda wapi

Sasa hapa ndo penye mjadala wa nyumbani, kila mtu "mapato mapato".

Kuna mji mdogo unaitwa Smiths Falls, siyo mbali na Ottawa. Ulikuwa na kiwanda cha chokoleti cha Hershey, kikafungwa 2008, watu wakabaki hawana kazi. Baadaye kampuni ya bangi, ndo ile iliyokuja kuitwa Canopy Growth, ikaingia kwenye jengo lilelile la chokoleti. Ajira zikarudi, televisheni zikaenda kupiga picha. Agosti 2018 kampuni ya pombe ya Marekani, Constellation Brands, ikatangaza kuweka humo dola bilioni 5 za Canada. Vijana kazini kwetu walikuwa wananunua hisa za bangi kwa simu muda wa chakula, kuna jamaa wa Nakuru aliweka akiba yake ya kununulia nyumba yote. Februari 2023 Canopy ikatangaza kupunguza wafanyakazi 800 na kufunga lile jengo, na jengo likarudishwa kuuzwa kwa Hershey walewale. Mnaona mzunguko ulivyo, chokoleti, bangi, chokoleti, na watu wa mji ule kila mara ndo wanaachwa nje ya geti.

Na kabla ya hapo walishapita Afrika. Lesotho ilikuwa ya kwanza barani kutoa leseni za bangi ya dawa, 2017. Bangi wanaiita matekoane, wazee wa milimani kule wameilima vizazi na vizazi. Canopy ikanunua kampuni ya Lesotho 2018, na 2020 ikatangaza inajitoa Lesotho na Afrika Kusini. Miaka miwili tu. Yule mkulima wa mlimani leseni yenyewe hakuwa na pesa ya kuilipia toka mwanzo.

Kodi serikali inapata, sikatai. Ushuru ni dola 1 kwa gramu au asilimia 10, chochote kilicho kikubwa, na wauzaji wa kichochoroni wamepoteza sehemu kubwa ya wateja, hilo pia ni kweli. Lakini mfikirie kwanza hiyo kodi inakusanywa na mfumo gani, kila boksi lina namba ya toleo, kila duka lina kamera, maabara zinapima kila toleo. Nchi ambayo mpaka leo tunagombana na mashine za risiti za EFD kariakoo.

5. Waliofungwa walipata nini

Hili ndo linaloniuma zaidi ya hospitali.

Ungetegemea siku bangi inahalalishwa wale waliokuwa na rekodi ya kukutwa nayo zifutwe. Hazikufutwa. Ilipitishwa sheria nyingine 2019 kwamba mtu aombe mwenyewe kusimamishiwa rekodi, ada wameondoa, ila nenda mwenyewe katafute karatasi za mahakama, nenda polisi, piga alama za vidole ulipe, jaza fomu. Serikali yenyewe ilikadiria watu kama 10,000 watafaidika. Baada ya miaka miwili waliokuwa wamepata ni mia kadhaa tu. Na hata ukipata, rekodi inawekwa pembeni tu, haifutwi.

Wakati huohuo nani alikuwa kwenye hiyo biashara? Julian Fantino alikuwa mkuu wa polisi wa Toronto, baadaye waziri, miaka yote akipinga kuhalalishwa. 2017 yeye na afisa mwenzake wa zamani wa polisi wakaonekana wanaongoza kampuni ya bangi ya dawa, Aleafia. Hajavunja sheria yoyote. Lakini nifikirieni yule dogo wa Kisomali aliyekosa kazi ya uwanja wa ndege kwa kipande cha msokoto anasoma hiyo habari akiwa wapi.

6. Nyumbani

Narudi Arusha. Kisimiri Juu kule Arumeru kila mwenye umri wangu anajua watu wanaishije, na kila baada ya muda tunaona picha DCEA, ile mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya, wamefyeka mashamba, wamechoma, wazee wamekaa chini. Sheria yetu ya 2015 na marekebisho yake ni kali, tunasoma kwenye magazeti mtu kala miaka 30 kwa kusafirisha magunia. Na huku chini mitaani kuna lile jingine tunalijua wote, kubambikiwa kete. Kijana amegombana na mwenye uwezo, jioni anapekuliwa, ghafla kete ziko mfukoni. Kosa la kukutwa na kitu mfukoni ndo kosa rahisi kuliko yote kumtengenezea mtu.

Nilikuwa na rafiki, tumesoma wote primari, tumecheza wote chandimu. 2009 alikamatwa na misokoto minne. Alivuta kweli, hakubambikiwa, sitaki kudanganya. Alikaa mahabusu miezi saba kabla kesi haijaanza kusikilizwa, akafungwa mwaka na nusu. Alipotoka mama yake alikuwa ameshafariki. Ni dereva mzuri sana, anaendesha lori na trela kama anacheza. Alipata wakala wa kazi Oman, mshahara mzuri, akaambiwa alete cheti cha polisi cha alama za vidole. Akaacha kwenda kwa wakala. Sa hivi anaosha magari.

Mimi ninachosema ni kwamba hayo mambo mawili yatenganishwe. Kumfunga mtu kwa msokoto ni jambo moja, duka la chokoleti ni jambo lingine, na nchi inaweza kuacha la kwanza bila kugusa la pili. Afrika Kusini ndo walichofanya. Gareth Prince, Rasta, alisoma sheria akamaliza, wakamkatalia kusajiliwa kama wakili mwishoni mwa miaka ya 90 kwa sababu ya bangi, akaenda mpaka Mahakama ya Katiba akashindwa 2002 kwa kura 5 kwa 4. Hakuacha. 18 Septemba 2018, mwezi mmoja kabla ya Canada, mahakama ileile, hukumu imeandikwa na Jaji Zondo, ikasema mtu mzima kuvuta na kulima kwake kwa matumizi yake siyo kosa tena. Kuuza bado ni kosa. Ramaphosa akasaini sheria yake 28 Mei 2024, na humo wameweka kwamba rekodi za waliofungwa kwa kukutwa nayo zifutwe zenyewe, na kuvuta mbele ya mtoto ni marufuku. Ujerumani nao 2024 waliruhusu mtu kulima miche mitatu kwake na vyama ambavyo wanachama wanalima pamoja, maduka hapana.

Kenya mwaka 2022 Profesa Wajackoyah aligombea urais na hoja ya pesa, tulime bangi tulipe deni la taifa. Alishangiliwa kila mahali, video zilisambaa, kura akapata 61,969 nchi nzima, hata asilimia 1 haifiki. Mimi nadhani watu walimpenda ila ile hoja hawakuiamini.

MAJIBU

Mdau ameuliza: *"Kwahiyo unakubali bangi haina madhara ndo maana unataka watu wasifungwe?"*

Hapana mkuu, rudia kusoma. Ina madhara. Hapa Ontario utafiti wa 2025 ulionyesha kati ya wagonjwa wapya wa skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, sehemu inayohusishwa na uraibu wa bangi ilipanda toka asilimia 3.7 kabla ya sheria mpaka 10.3 baada. Na bangi ya sa hivi siyo ya babu, hii inayolimwa ndani kwa taa ni kali zaidi mara nyingi kuliko ile. Mtoto wa kaka yangu alianza kusikia sauti akiwa na miaka 19, alikuwa anavuta toka asubuhi mpaka usiku. Anatumia dawa, anaendelea vizuri. Nilipokuwa naenda naye kliniki nilikuwa nashukuru kitu kimoja, kwamba aliweza kumwambia daktari ukweli wote, anavuta nini na mara ngapi, bila kuangalia mlango. Angekuwa nyumbani tungemficha, tungesema amerogwa, tungempeleka kwa mganga au kwenye maombi, maana hospitali unaogopa na polisi unaogopa.

Mdau: *"Vijana wa shule huko wameongezeka kuvuta au hawajaongezeka?"*

Wanafunzi hawakuongezeka kama tulivyotishwa, ila walikuwa wengi tangu zamani na wameendelea kuwa wengi. Walioongezeka ni watu wazima. Kazini kwetu wamama wa miaka 50 wanakula pipi za bangi walale.

Mdau: *"Mimi nimeshinda green card, naombea hukuhuku Dar, nikisema niliwahi kuvuta kuna shida?"*

Shida ipo tena kubwa, na msije mkadanganywa na habari za majimbo yaliyohalalisha kama Colorado. Kwa serikali kuu ya Marekani bangi bado ni kosa, kwenye kipimo cha afya cha viza ukionekana unatumia unaweza kuzuiwa kwa muda na kuambiwa urudi baadaye. Na wale mnaokuja huku Canada msivuke mpaka nayo kwa namna yoyote, kuingia wala kutoka. Kingine ambacho wengi hawakijui, Desemba 2018 walipandisha adhabu ya kuendesha umelewa, pombe au bangi, ikafika miaka 10, na kwa sisi ambao siyo raia hiyo inahesabika ni jinai kubwa, unaweza kupoteza makazi yako hata kama hakimu alikupiga faini tu. Nawajua watu wawili imewakuta. Walidhani kwa sababu imenunuliwa dukani basi ni salama.

Mdau: *"Yule mama Mkongo yuko wapi?"*

Yupo, palepale. Kijana alihama wiki ileile. Chumba hakukipangisha tena, ameongeza shifti ya usafi usiku ili kodi itimie, binti yake mkubwa ndo anabaki na wadogo. Na mimi alikuja kunisamehe kwa lile neno, ilichukua kama mwezi.

Mdau: *"Huyo rafiki yako wa Kijenge anasemaje kuhusu kuhalalisha?"*

Nilimpigia wiki iliyopita nikamweleza habari za Afrika Kusini na kufutiwa rekodi, nikamweleza na hizi za Canada. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Habari ya sheria hakunijibu. Aliniuliza kama huku kuendesha lori nako wanaomba cheti cha polisi. Nikamwambia wengi wanaomba.